Taarifa ya Daraja la Tano

Mashine imeandika saa mbili na dakika kumi na nne.
Mimi nasoma saa nane. Moshi ni hii hii, usiku ni huu huu,
ila yeye anahesabu tangu usiku wa manane
na mimi tangu jua lilipozama, kama nilivyofunzwa nyumbani.

Nakiete, mwanafunzi wa fildi, ameinamia skrini.
Chai ya tangawizi imemtonea kwenye kibodi, anaifuta kwa kiwiko.
"Hii tano, ni hatari?"
Hapana. Sifuri ndiyo nyumba inaungua.
Tano ni jirani anayepita njiani na debe la mahindi kichwani,
anasema, jamani, kwenu kuna kitu kimebadilika,
halafu huyo, anaendelea zake mashineni.

Soma taratibu. Kundi la kumi.
Kutoka Kusubiri kwenda Kazini.

Rauta zetu ni mbili. Moja iko chini ya ngazi,
nyingine huku nyuma, ukutani, jirani na magunia ya kahawa.
Kila sekunde tatu zinaitana:
nipo, nipo, nipo.
Sekunde kumi zikipita kimya, ya pili haiombi ruhusa,
wala haiendi kuchungulia maiti.
Inavaa ile anwani ya pamoja
kama koti lililoachwa msumarini,
na mtu wa Rombo aliyekosa usingizi akalipa mkopo kwa simu
hajui kwamba aliyempokea mlangoni si yule wa jana.

"Ya kwanza ilinyamazia nini?"
Umeme. Na betri ya chini ya ngazi imechoka,
niliiandikia barua tangu mwezi wa tatu.

Sasa shuka. Saa nane na dakika ishirini na moja:
kutoka Kazini kwenda Kusema.
Punde tu: kutoka Kusema kwenda Kusubiri.

"Basi hii nayo imekufa!"
Haijafa, Nakiete. Mkubwa amerudi.
Yule ana mia na kumi, huyu ana mia kavu,
na tuliwaandikia wenyewe, kwa mkono wangu huu,
kwamba mwenye namba kubwa akirejea
achukue kiti chake bila kikao.

Elirehema hufika tarehe ishirini na mbili Desemba
na gari limejaa mchele na kreti za soda, vumbi hadi kwenye kioo.
Miezi kumi na moja ni mimi ninayeamka kumkamulia mzee maziwa,
ninayemhesabia vidonge, ninayesaini zamu ya maji ya mfereji,
ninayeitwa kihamba kikiwa na kesi ya mpaka.
Desemba kiti cha mzee kinamjua mwenyewe.
Kisu cha mbuzi kinampitia mkononi mwake,
na mimi nashika beseni.
Sina ugomvi. Ndivyo tulivyozaliwa,
na nyama yenyewe huwa anaigawa vizuri kunishinda.

Ila tazama tena mistari hii miwili, binti.
Kutoka Kazini haishuki moja kwa moja hadi Kusubiri.
Katikati kuna Kusema.
Sekunde chache, hata kijiko hakijatulia kikombeni,
lakini ipo, imeandikwa na saa yake.
Mimi Desemba tisa nimeiruka.

Nakiete anavuta kalamu iliyo nyuma ya sikio.
"Kwenye ripoti niandike nini?"
Andika huduma haikukatika.
Andika kila kitu kilirudi mahali pake.

Anaandika. Nje mlinzi anakohoa, anagonga rungu getini
ili tujue yu macho.
"Na kama ingeshuka bila kusema?"

Hapo usingekuta mstari.
Swichi haina ujumbe wa jambo ambalo halikutokea.

Andika na betri. Ipigie mstari.